Mizani ya Mahindi

Wanawake wa jumuiya ya Mtakatifu Rita, Lizaboni, mjini Songea, wana sifa moja ambayo hata adui yao hawezi kuwanyima. Ukifiwa, watafika kwako kabla jeneza halijafika. Ukiugua, watakulisha mpaka uone haya kupona. Gaspari aliporudi kutoka kulinda amani Kongo, miguu yote miwili imekatwa juu ya magoti, wanaume wa jumuiya walimjengea njia ya saruji ya kupitishia kiti chake cha magurudumu, nao wanawake wakaingia jikoni. Leo kande za Suzana, kesho kuku wa Noela, keshokutwa kisamvu cha karanga kutoka kwa mke wa mwenyekiti. Sahani zilikuja zimefunikwa kitambaa, zimeshikwa kwa mikono miwili, na sahani ya namna hiyo hairudishwi na kitu ndani. Kuirudisha ni kumtukana aliyeileta.

Aliyepanga zamu hizo ni Emerensiana, mama yake Gaspari, na alijivunia kwamba hakuna siku zamu ilikatika.

Kisha zikaja habari za ndege. Kulikuwa na kikundi cha marubani wa kujitolea wenye ndege ndogo ya viti viwili. Mle ndani pedali za kukanyaga zimeondolewa, umefungwa mkono wa chuma, ili askari asiye na miguu aiendeshe kwa mikono huku mwalimu amekaa pembeni. Mwezi wa saba wangefika Songea. Gaspari akawa mtu mwingine. Alianza kunyoa ndevu. Alichonga kijiti mfano wa mkono ule, akawa anashinda nacho uani, anakisukuma mbele na kukivuta nyuma, macho juu, na ukimsalimu unajibiwa baadaye.

Asubuhi moja simu yake ilikuwa inachajiwa chumbani kwa mama, mwenyewe yuko bafuni, ikaita. Emerensiana akapokea.

"Shikamoo, mama. Mimi Wilfred, rubani. Naomba umwambie Gaspari jambo moja tu: asizidi kilo themanini. Ndege yetu ndogo, akizidi hapo hatuwezi kuruka naye."

"Marahaba, baba. Nitamwambia."

Hakumwambia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Emerensiana alikuwa ameumwa vibaya. Ndege ilimchukua mwanawe ana miguu, ndege ikamrudisha hana. Safari hii ingemrudisha bila nini? Lakini kunyamaza tu kungekuwa nusu ya dhambi. Yeye aliimalizia. Jioni hiyo alipita kwa Suzana, akapita kwa Noela, akiwaambia kwa sauti ya huruma, "Gaspari anakonda, jamani." Basi karanga zikaongezwa kwenye mboga, togwa ikaongezwa sukari, na sahani zikaja na vilima. Kila Gaspari alipofikisha tonge mdomoni, mama yake alimtazama na moyo ukamsuta. Tangu hapo kila Jumapili, wenzake wakienda kupokea komunyo, yeye alibaki kwenye benchi akisingizia goti.

Siku ilipofika, jumuiya nzima ilikuwa uwanjani Ruhuwiko, kina mama wamevaa sare ya kitenge. Wilfred akatoa mizani yake ya kusimamia. Watu wakatazamana. Asimame na nini? Romanus, mwenyekiti wao, ambaye ni mnunuzi wa mahindi, akatuma pikapu Msamala kwenye ghala lake, ikarudi na mizani ya kupimia magunia. Wakampima Gaspari na kiti chake, wakamshusha kwenye mkeka, wakapima kiti kitupu, Romanus akatoa hesabu kichwani kama alivyozoea.

"Themanini na tisa," akatangaza. "Gredi ya kwanza hii, simuuzi kwa bei ya kutupa."

Watu wakacheka. Wilfred hakucheka. Alichuchumaa mbele ya mkeka.

"Afande, nilisema themanini."

Kicheko kikafa. Noela akamtazama Suzana, Suzana akatazama chini. Gaspari alitabasamu lile tabasamu la kuwafariji wageni. "Mpeni Daimu nafasi yangu," alisema. Daimu, askari mstaafu wa Namtumbo asiye na mguu mmoja, mwembamba, akapandishwa. Ndege ikakimbia, ikainuka, ikageukia upande wa Mpitimbi, na makofi yakapigwa na kila mtu isipokuwa mmoja.

Gaspari alipokwisha rudishwa kitini, Emerensiana alimsukuma mpaka kwenye kivuli cha pikapu.

"Mwanangu, Wilfred alipiga simu. Aliniambia mimi. Nikakuficha, halafu nikawaambia wakuongezee chakula. Nimekukosea."

Gaspari alikuwa bado anaifuata ndege kwa macho.

"Najua, mama. Alinipigia tena jioni ileile."

Mama akashika ubavu wa pikapu. "Ulijua? Sasa kwa nini ulikula?"

"Ningemwambia nani sitaki? Mtu amelima shamba langu, amenijengea njia, ananiletea sahani kwa mikono miwili. Nimrudishie?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi mama yake. "Tangu nirudi, mama, nimepewa kila kitu. Hakuna aliyewahi kuniuliza nataka nini."

Walipofika nyumbani, sahani ya zamu ilikuwa imeshatangulia mezani, wali na nyama, mvuke unapenya kitambaa. Emerensiana alinawa mikono kwa mazoea, akavuta kigoda, akashika kijiko. Akakirudisha chini.

"Gaspari," alisema, "unataka nini?"

Swali lenyewe lilikuwa geni kwa Gaspari.

"Nataka nisikie njaa, mama. Kidogo tu."

Katika maisha yake yote Emerensiana hakuwahi kuombwa jambo gumu kama hilo. Aliifunika sahani, akaisogeza mbali, akakaa karibu na mwanawe, na hakujua aiweke wapi mikono yake.