Kiangazi cha Kaka Revo

Ukifika mwezi wa sita, familia ya marehemu mzee Nathaniel yote inajua kwamba Helsinki jua limetoka. Inajua kwa sababu Revocatus, mtoto wa kwanza, aliyeoa huko na kuhamia huko, hawezi kuliacha jua litoke kimya kimya. Lazima alitangaze. Kundi la familia la WhatsApp, ambalo miezi ya baridi linalala fofofo, linaamka, na simu ya mdogo wake Selina, aliyekaa dukani kwake Buhongwa akipima vitambaa vya mapazia, inaanza kutetemeka juu ya meza.

Mwaka huu alianza na bustani. Picha: Revocatus na bukta, kifua wazi, amelala chali kwenye majani katikati ya jiji, na kando yake wazungu wengine wamelala vilevile kama samaki walioanikwa. Chini ameandika kuwa leo ni nyuzi ishirini na mbili, joto lisilosemeka. Selina aliisoma akiwa amevaa sweta, maana Mwanza asubuhi hiyo hali ya hewa ilikuwa hiyo hiyo na wateja walikuwa wanaingia dukani wamejikunja, wanauliza baridi hii imetokea wapi.

Kesho yake ikaja aiskrimu ya bandarini. Halafu stroberi za kuuzwa kwa kopo. Halafu baiskeli, ambayo kaka anaipanda kwenda kazini na kofia ngumu kichwani, yeye ambaye akiwa sekondari Nansio, kisiwani Ukerewe, aliona afadhali atembee kuliko kuonekana juu ya baiskeli ya baba. Halafu viazi. Viazi, jamani. Viazi vidogo vya kuchemsha na maganda yake, na samaki wa kulowekwa kwenye siki pembeni, na mtu mzima mwenye shahada mbili anarekodi sauti ndefu kuvisifia, eti ni vipya, vimetoka ardhini leo. Kana kwamba viazi vya Ukerewe vinadondoka kutoka mbinguni. Na kila ujumbe unaishia palepale: mnakosa raha nyie, jua hapa halizami, kiangazi kifupi, lazima tukifaidi.

Selina hakuwa na wivu. Haya, alikuwa nao kidogo, nani hana. Lakini kilichomkera hakikuwa aiskrimu. Kilichomkera ni ujumbe uliokuwa unakuja katikati ya aiskrimu na viazi, ule wa kaka mkubwa anayezungumza kwa niaba ya ukoo. Huo ulihusu nyumba ya mama.

Mama yao, Wilhelmina, anakaa peke yake nje kidogo ya Nansio, ufukweni kabisa, kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu mume wake. Umeme haujafika kwake. Maji anachota ziwani kwa ndoo. Anapikia kuni. Choo kiko nje, nyuma ya migomba, na mbele ya nyumba, mahali anapoweza kupaona akikaa kizingitini, ndipo alipolala mzee Nathaniel chini ya saruji ambayo mama aliipaka chokaa kwa mkono wake mwenyewe. Revocatus alikuwa ameamua kwamba hiyo ni aibu. Karne hii, aliandika, mama yangu mzazi anabeba ndoo? Anakohoa moshi? Anatoka nje kwenda msalani? Watu watasema nini? Na bahati nzuri mteja alikuwa amepatikana, kampuni fulani ya mjini inayotaka kiwanja cha ufukweni. Mama ahamie Buhongwa kwa Selina, kwenye marumaru, bomba la ndani na jiko la gesi. Kaburi lingehamishwa kwa heshima zote. Wakala wa mnunuzi angekwenda Nansio Jumamosi, mama atie sahihi, na yeye Revocatus angekuwa hewani kwa video kusimamia.

Ndugu wengine waliitikia kwa alama za viganja vilivyounganishwa kama wako kanisani. Selina naye akaweka ya kwake. Aliona uchungu kuiweka, lakini akajiambia kaka ndiye mkubwa, na meli ya Nansio kila mwezi nayo inachosha. Mama hakuulizwa. Mama aliarifiwa, kwa simu yake ya vitufe, na akajibu neno moja tu, kwamba amesikia.

Ijumaa Selina akapanda meli. Alimkuta mama jikoni, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kiti kidogo mbele ya mafiga. Mama alikuwa amepungua. Hakulalamika, aliuliza tu kama huko Buhongwa ukiamka unaona nini. Selina alifikiri kwa bidii akajibu kwamba unaona ukuta wa jirani. Mama akageuza samaki kwenye chungu, na Selina akatamani ardhi immeze.

Simu ikatetemeka. Mama akauliza kama ni Revo, akataka amwone mwanawe. Selina akasogea, wakatazama pamoja.

Sasa, siku hiyo kaka hakuwa mjini. Wenyeji wa kule kiangazi kikikolea hukimbia mji wao mzuri wenye kila kitu wakaenda kujificha porini, na Revocatus alikuwa amekwenda na mkewe na wakwe zake. Picha ya kwanza: kibanda cha mbao kando ya ziwa, kimechakaa, hakina hata waya wa umeme. Ya pili: Revocatus na suruali iliyotoboka gotini anapasua kuni. Ya tatu: Revocatus anachota maji ziwani kwa ndoo. Ya nne: choo cha shimo cha mbao kilichosimama chenyewe kwenye miti, na Revocatus mlangoni anacheka kama kapewa zawadi. Ya tano ndiyo iliyoharibu mambo. Revocatus amekaa kwenye chumba kidogo cheusi chenye mvuke, macho mekundu, jasho linachuruzika, kajifunga taulo tu kiunoni. Kando yake mzungu mzee, naye taulo tu, anamchapa mgongoni kwa fungu la matawi yenye majani.

Mama aliishika simu kwa mikono miwili. Akauliza yule mzee ni nani. Selina, bila kufikiri, akasema ni baba mkwe wake.

Hapo ndipo alipokosea. Kwa watu wa Ukerewe, mwanaume na baba mkwe wake hata kupishana kwenye njia nyembamba ni kazi, mmoja lazima aingie majanini. Kukaa wote wawili na taulo, chumba kimoja, magoti yakigusana? Hilo halifanywi na mtu mwenye akili zake. Wilhelmina aliuona ugonjwa palepale. Mwanawe anafukizwa nyungu. Anachapwa majani kama mwenye mapepo. Amefilisika, hana umeme, hana maji, nguo zimemtoboka, na wakwe wamempeleka porini kumtibu.

Selina akacheka, akaeleza kwamba ile ni sauna, ni desturi yao, kaka yuko mapumzikoni. Mama akamtazama kwa huruma. Alikumbusha kwamba hata baba yao, mwaka nyavu zilipoibwa zote, alimwambia kila aliyeuliza kwamba anapumzika. Alipumzika hivyo hivyo mpaka wakauza mbuzi. Akajitanda kanga, akatoka kwenda kwa Bernadeta, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, na chungu kikabaki kinatokota chenyewe.

Jumamosi asubuhi wakala wa mnunuzi alifika na viatu vyake vilivyochongoka, akakuta uwanja umejaa akina mama wa jumuiya wako tendo la tatu la rozari. Alivua kofia, akajibanza, akasali nao, angefanyaje. Ilipoisha, Bernadeta akatamka nia rasmi: kumwombea Revocatus, mwana wa jumuiya hii, aliyepatwa na masahibu ughaibuni, arudi nyumbani salama. Mama mmoja alikuwa ameleta dagaa wakavu wa kumtumia. Mwingine alimjua mtu wa kijiji cha Bugolora aliyewahi kutibu maradhi ya namna hiyo.

Simu ikaita. Selina akaiegemeza juu ya kinu, akafungulia sauti ili mama asikie vizuri, na kwa hiyo jumuiya nzima ikasikia vizuri. Revocatus alitokea na fulana safi, nyuma yake ziwa la huko linametameta. Akauliza watu wote hao ni wa nini, msiba?

Mama akamwambia kwa upole kwamba asione aibu. Wameona picha, wamejua hali yake. Karatasi hazitiwi sahihi leo wala kesho, maana mtoto akianguka huko lazima awe na pa kurudi. Nauli watachanga. Na yule mzee aache kumchapa.

Haya sasa, mngemwona msomi. Uso ulimvimba. Mbele ya wanawake wa jumuiya yote, mbele ya Bernadeta aliyemfundisha komunyo ya kwanza, yeye Revocatus wa Helsinki ameonekana fukara mwenye mapepo. Akaanza kujitetea, na kwa hasira yake akajitetea kwa ufasaha mno. Kwamba kibanda kile anakikodi, na si rahisi, wanakipigania toka wakati wa theluji. Kwamba watu wenye vyeo vyao wanasubiri mwaka mzima kupata wiki mbili pale. Kwamba umeme hauwekwi kwa makusudi.

"Ni starehe, mama," akasema. "Starehe kubwa kuliko zote huku. Unachota maji mwenyewe, unapasua kuni, unasikia ndege na maji tu. Bila hiyo mtu anaugua kichwa. Daktari mwenyewe anakwambia nenda."

Wakala, ambaye alikuwa amechoka kukaa kimya kwenye hadhara, akaona mahali pa kuchangia. Akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akasema bosi ameongea kweli tupu, na ndiyo maana kampuni inakitaka kiwanja hiki hiki. Watajenga vibanda vya namna hiyo kwa ajili ya wageni kutoka Ulaya. Kuni, ndoo, taa za chemli, choo cha nje cha asili. Wageni wanalia kupata sehemu kama hii.

Kwenye simu Revocatus alikuwa ameacha mdomo wazi, na safari hii hakuwa na picha ya kutuma.

Mama alikaa chini kwenye kizingiti, taratibu, akiangalia chokaa ya kaburi. Furaha ilimjia kwanza, ya kwamba mwanawe ni mzima, na machozi yakamtoka waziwazi. Kisha furaha ikapita, na kilichobaki wote walikiona.

"Kumbe ni starehe," akasema. "Na mimi uliniambia ni aibu."

Revocatus akaanza kusema lakini. Akasema mama, ile ni wiki mbili tu, wewe ni kila siku, umri unakwenda, ndoo ni nzito. Na hapo, tuseme haki, alikuwa na hoja. Ndoo ni nzito kweli. Bernadeta mwenyewe aliguna kukubali, mgongo wake unaijua.

"Ndoo ni nzito," mama akakubali. "Ungeniuliza, ningekuomba bomba. Hukuniuliza."

Selina alisikia maneno hayo yakimgonga yeye kuliko kaka, maana kaka alikuwa mbali na yeye alikuwa na duka umbali wa meli moja tu, na alama ya viganja vilivyounganishwa aliiweka kwa kidole chake. Akainuka. Akamwambia wakala, kwa adabu zote, kwamba mama hatii sahihi, na yeye kama mtoto naye hatii, na kwamba meli inaondoka mchana, asichelewe. Jamaa akaangalia simu apate msaada wa bosi. Bosi alikuwa anaangalia chini. Akaondoka na karatasi zake, na mmoja wa akina mama, kwa kutojua afanye nini na wale dagaa, akampa yeye.

Wanawake wakatawanyika mmoja mmoja, kimya kimya, kwa maana walikuwa na habari ya kutosha wiki nzima. Selina akaitoa simu kwenye kinu, akaizima sauti kubwa, akampa mama mkononi. Kaka alikuwa bado yupo. Kisha akauliza, kwa Kikerewe, lugha ambayo kwenye kundi la familia hajawahi kuiandika, kama lile jiwe la ufukweni hapo alilokuwa anakalia na baba kutengeneza nyavu bado lipo.

Mama akasema lipo, litakwenda wapi.

"Kule ninakokodi lipo moja," Revocatus akasema. "Linafanana nalo. Ndiyo maana kila mwaka nachukua kibanda hicho hicho."

Mama alipangusa kioo kwa ncha ya kanga, kana kwamba ukungu ulikuwa upande wake.

"Sasa mwanangu," akasema, "hili ulikuwa unamuuzia nani?"