Gesi Nyuma ya Kiti cha Dada

Mtaa mzima ulimwita fundi wake wa magari Pua, na jina halikuwa la kejeli. Ungempelekea gari, akainamia injini, akavuta hewa mara moja tu: "Klachi inaungua." Na kweli inaungua. Basi homa ya mwezi uliopita ilipomwachia, iliondoka na pua yenyewe. Kitunguu, petroli, soksi zake mwenyewe, patupu! Hakumwambia mtu. Nyumbani alisifia kila chakula, hata kilichoungua, mkewe akajiona mpishi wa kupigiwa mfano.

Ndipo dada yake mkubwa, mkunga wa zahanati ya mlimani, alipomletea gari lake kuukuu la kupandia mlima. Lilibugia petroli bila huruma, na huko juu petroli ilikuwa adimu. Mitungi ya gesi ya kupikia, lakini, ilifika kila wiki.

"Nifungie mtambo wa gesi badala ya petroli, mdogo wangu. Mimi na wajawazito wangu tumechoka kusukuma."

Kazi ilimchukua wiki mbili, na kazi aliijua, tusimsingizie. Mtungi aliufunga kwa mikanda ya chuma nyuma ya kiti, akapitisha bomba chini ya sakafu, akaleta maji ya moto ya injini kwenye kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi ili kisigande. Kila kiungo alikipaka povu la sabuni, na hakuna kilichotoa mapovu. Injini ikanguruma hadi akacheka peke yake.

Asubuhi ya kulikabidhi gari, aliuondoa mtungi wa majaribio, akafunga mwingine uliojaa. Kisha, kwa mazoea ya miaka ishirini, akainama akanusa. Shwari. Akafuta mikono.

Dada akafika akipiga chafya, mafua yamembana. "Niambie wewe, maana mimi leo sinusi chochote. Kuna mama kashikwa na uchungu, nakwenda kumchukua. Gari salama?"

"Salama."

Dada akapanda, akaanza kupekua mkoba akitafuta ufunguo. Pua akautazama ule mtungi nyuma ya mgongo wa dada. Hivi alikuwa amenusa kwa pua ipi? Akisema, ameumbuka; mafundi wenzake watamcheka mpaka walie.

Ufunguo ukaonekana.

"Dada, shuka! Usiwashe!"

"Una nini wewe?"

"Sinusi. Tangu ile homa, sinusi kitu. Hata mke wangu hajui."

Dada alishuka, akamwita mama muuza chai wa ng'ambo ya barabara. "Njoo utunusie humu! Jiko liache huko huko!" Mama wa chai akaingiza kichwa mlangoni mwa gari, akakitoa mbio.

"Nyie mna wazimu? Humu gesi tupu!"

Nati ya mtungi ilikuwa imebaki robo mzunguko kukaza, basi. Pua aliikaza, akafungua milango yote, akapaka sabuni, akangoja hadi gesi ikatoka yote. Mama wa chai akanusa tena, akatikisa kichwa: hakuna kitu.

Dada akakaa kwenye usukani, hakuwasha. "Ungeniacha niondoke?"

Pua aliona aibu, lakini uongo ulikuwa umemwishia. "Nilishakuacha, dada. Ni ufunguo tu ulikawia."

Dada akatoa mkono dirishani, akamfinya pua kwa vidole viwili, kwa nguvu, kama alivyomfanya utotoni kila alipomkamata akisema uongo. Machozi yakamtoka fundi mzima.

"Leo hii ukamwambie mkeo," akasema, akawasha gari akaenda kumchukua mgonjwa wake.