Jina Lililofumuliwa

Mwalimu wa ushonaji alipewa kazi ya kuandika historia ya chama cha walimu wenzake. Ofisini kilitundikwa kitambaa ambapo kila mwanachama alitarizi jina lake, na asiye na jina pale hakupata darasa popote. Alipokigeuza, akaona matundu ya sindano: jina la kwanza lilikuwa limefumuliwa.

"Huyu nani, mama?" akamuuliza mwenyekiti.

"Mwanzilishi. Usimwandike."

"Alikosa nini?"

"Alikuwa mdadisi kama wewe, mwanangu. Mdomo ukamponza."

Mwalimu akaliandika jina lile katika historia, kama matundu yalivyosomeka.

Mwenyekiti alisoma ukurasa. Akavaa miwani, akachukua mkasi mdogo, akaanza kutafuta jina la mwalimu kitambaani.