Chokaa Iliyozidi

Kazini walimwita Bi Hadubini, na usifikiri jina hilo alilipata bure. Miaka ishirini na mitano alikuwa ameiinamia hadubini ya maabara ya udongo hadi shingo ikazoea kukaa upande. Programu ya kompyuta iliyopiga hesabu za maabara nzima aliiandika mwenyewe, mstari kwa mstari, na wiki ile alikuwa anangoja barua ya kuwa mkuu wa maabara. Mambo yalikuwa yamemnyookea.

Kasoro kaka yake. Mwaka wa tatu huo shamba la kaka lilikuwa linatoa mahindi ya njano, na majirani walishamwita mvivu mchana kweupe. "Niliweka chokaa ya kutibu udongo vilevile karatasi yenu ya vipimo ilivyosema," kaka alilalamika kila akija maabara. Naye dada mtu, msomi wetu, alimjibu kwa macho makavu, "Kompyuta haikosei, kaka. Umekosea wewe kupima." Hata mke wa kaka akayadaka maneno hayohayo.

Safari hii kaka hakulalamika. Aliweka mfuko wa udongo mezani, akaondoka zake. Kule kunyamaza kulimchoma Bi Hadubini kuliko lawama zote.

Akachota udongo kidogo, akautandaza kwenye kioo, akainama. Chembe nyeupe, tele. Akadondosha tone la tindikali, nazo zikatoa povu. Chokaa tupu! Shamba lilikuwa limevimbiwa. Basi ama kaka alimwaga zaidi ya alichoambiwa, ama karatasi yenyewe ndiyo iliyomzidishia.

Akalitoa daftari la vipimo vya mwaka kaka alipopimiwa udongo, akapiga hesabu kwa kalamu. Jibu likaja nusu ya lile lililochapwa na kompyuta. Akarudia. Nusu ileile.

Hapo akakumbuka. Mizani mpya ilipoletwa miaka minne nyuma, yeye mwenyewe aliamuru kila udongo upimwe gramu kumi badala ya tano, ili majibu yawe sahihi zaidi. Mafundi wakatii siku hiyohiyo. Programu je? Hakuna aliyeiambia. Iliendelea kugawa kwa tano kama kawaida, na kila shamba likaandikiwa chokaa maradufu. Sahihi zaidi, eti!

Mkuu wa maabara, aliyebakiza mwezi mmoja astaafu, alimsikiliza, kisha akainuka akafunga mlango.

"Badilisha hiyo namba leo, yaishe. Nani atajua?"

"Najua mimi, mzee."

"Na barua yako je? Unajiharibia mwenyewe dakika ya mwisho?"

"Kuna watu wanajilaumu mwaka wa tatu huu kwa kosa langu. Barua apewe mwingine."

Roho ilimuuma, tusidanganyane. Cheo kile alikitaka, na alikuwa ameshawaza meza ataiweka upande gani wa dirisha. Lakini alipiga moyo konde, akaisahihisha namba, akachapa orodha ya mashamba yote yaliyopewa karatasi za uongo. Yalikuwa mia nne na kumi na mawili. Mengine angeyapelekea barua, mengine angeyafuata kwa miguu yake. Akaanzia kwa kaka.

Alimkuta uani ananoa jembe. Akamweleza yote akiwa amesimama, mizani, gramu, programu, bila kumsingizia fundi yeyote. Kaka akaliweka jembe chini.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, kaka. Ni mimi."

Kaka akageukia mlangoni, akamwita mkewe. Mke akatoka akijifuta mikono, akauliza kuna nini. Kaka akamkazia macho dada yake.

"Sema tena," alimwambia. "Asikie na huyu."

Akasema tena, na safari hii alipaza sauti, hadi majirani wakasogea uani kusikiliza.