Saa Kumi ya Ijumaa

Sheria yetu Uingereza siku zile ilikuwa ya kijinga, na nikiikumbuka bado nachemka. Mrithi wa lodi, yaani mwinyi wa cheo cha kurithi, akiwa mbunge, siku baba yake anapokata roho, ubunge nao umekwisha. Anakuwa lodi papo hapo, apende asipende, na hapigi kura tena na wabunge wa wananchi.

Kaka yangu Aubrey alipigania kwa miaka tisa muswada wa kuwalipa fidia wachimba makaa walioharibika mapafu kwa vumbi. Kura ilipangwa Ijumaa, saa kumi jioni. Wenzake walishapiga hesabu: ungepita kwa kura moja. Wakati huohuo Baba, Lodi Aldersyke, mwenye migodi yenyewe, alikuwa kitandani akihema kwa shida, mtungi wa hewa kando yake. Wawili hao hawakusemeshana tangu vita viishe. Aubrey akabaki London.

Baba alifariki Ijumaa hiyo, saa tano asubuhi. Nilimfumba macho, nikafunga mlango, nikamsihi daktari anyamaze hadi jioni. Ilikuwa dhambi na sikuona haya. Tranter, mtumishi wetu mkuu, nilimwambia tu mgonjwa asisumbuliwe. Lakini Tranter alikuwepo hata babu alipokufa, na uso wangu ulimtosha. Akapanda juu ya paa akashusha bendera nusu mlingoti, kama ilivyo desturi ya nyumba yetu. Kijiji kizima kikaiona, na mwandishi wa gazeti akapiga simu London.

Saa kumi kasoro robo, bawabu wa Bunge alimzuia Aubrey mlangoni kwa heshima zote, akamwita Lodi. Ndani kura zikalingana, na Spika, kama ilivyo kawaida, akaukataa muswada.

Alifika nyumbani kesho yake. Tranter alimfungulia mlango huku akilia, maana nilikuwa nimeshamweleza alichokifanya. Aubrey alimshika bega tu, akapita. Kisha akanigeukia.

"Aliniulizia, dada?"

"Hapana. Alikuwa anauliza saa."

"Saa ya nini?"

Nilitamani kumdanganya, nikashindwa.

"Tangu alfajiri. Kila nikimtajia, anasema, 'Bado mbali. Niongezee hewa, Honor, mtoto hajapiga kura.'"

Aubrey aliketi kwenye ngazi na koti lake mwilini. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku hiyo, hata utotoni.