Uso wa Pei-shan Mlangoni

Picha za bintiye Mama Tsai anazo tele, lakini aliyoitaka ni moja: ile inayotokea kompyuta ya marehemu inapoomba neno la siri. Pei-shan anacheka, shavu limejaa chakula. Katika ile iliyo kwenye madhabahu ya wafu pale nyumbani, amenuna kama mtu aliye kwenye foleni ya benki.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye kibanda chake cha uji wa samaki hapa mjini Chiayi, mama huyu aliiwasha kompyuta hiyo, akamsalimu mwanawe, akaizima. Neno la siri hakulijua wala hakulitafuta. Kisha Chih-hung, kaka wa marehemu, akajitia fundi, akasasisha programu. Uso ukatoweka, kikabaki kisanduku cha kijivu.

Niliitwa mimi kwa kuwa nilifanya kazi na Pei-shan, naye aliwahi kunifungulia akaunti kwenye kompyuta hiyo.

"Dada Ya-ling, hilo kopo limezeeka," Chih-hung akasema. "Nitamnunulia mama jipya."

"Anza kununua akili," nikamjibu.

Niliingia kupitia skrini nyeusi ya maandishi. Faili la mipangilio lilisema programu inayopokea watumiaji ni lightdm, ile aliyoipamba Pei-shan kwa picha yake. Nikairekebisha, nikawasha upya. Kijivu. Nikarudia. Kijivu tena. Mama Tsai alisimama nyuma yangu, mikono inanuka tangawizi. Nilijikasirikia: muda wote nilikuwa naamini kilichoandikwa, sijauliza nani yuko kazini sasa hivi. Nikauliza:

systemctl status display-manager

Jibu likaja: gdm, programu nyingine iliyoletwa na lile sasisho la Chih-hung. Kumbe mgeni ndiye aliyekaa mlangoni, na mwenyeji yumo ndani, mzima. Nikamrudisha mwenyeji, nikawasha upya.

Pei-shan akatokea, anacheka.

Mama Tsai akapita mbele yangu, akasimama mezani.

"Sasa ingia kabisa," Chih-hung akaninong'oneza. "Si unaweza kulibadilisha neno lake la siri? Tuone ameacha nini."

Kweli naweza. Hata mimi nilitamani. Lakini Mama Tsai alikuwa ameshaweka kiganja juu ya kibodi.

"Mwanangu, hebu niambie. Ulipoingia humo, ulimkuta?"

"Hapana, Mama."

"Basi msinifungulie. Niacheni hapahapa anaponipokea."

Akavuta kiti, akausogelea ule uso.

"Leo samaki ni wadogo wadogo tu, mwanangu. Umeshakula?"

Nililia, wala sikuona haya.