Biti Isiyo na Maneno

Yahya alipoleta laptopu yake dukani kwangu Nangurukuru, maktaba za muziki za nchi tatu zilikuwa zimekwisha kumkataa, na hakujua kwa nini. Mimi nilijua kabla hajamaliza kunisomea barua aliyowaandikia. Aliwaamkia. Akawauliza hali za nyumbani. Akawaeleza kwamba yeye ni kijana wa Kiswere, anapenda muziki tangu utotoni. Akawaambatishia biti zake zote, mafaili mazito ya kumaliza bando la mtu, akafunga kwa kuomba radhi kwa usumbufu.

"Mama yako akiuza samaki anaomba radhi?" nikamuuliza.

"Haombi."

"Basi."

Hapa stendi wananiita Kifungu, kwa sababu sisaini kitu bila kusoma vifungu vyote, na simwachi mtu asaini mbele yangu. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe: sheria ya ushirika wakati wa ugomvi wa korosho, sheria ya ardhi walipokuja wenye ramani, na sasa hii ya hakimiliki, kwa ajili ya Yahya. Sababu ninayo. Zamani kidogo alikuja Kiswere bwana mmoja na kinasa sauti, akawarekodi wanawake wakipiga ngoma, akawanunulia soda, akaenda zake. Siku moja Bi Kidawa, mpigaji wao mkuu, yumo ndani ya basi la Dar, akaisikia ngoma yake kwenye runinga ya basi, chini ya tangazo la sabuni. Alishuka Somanga, akarudi nyumbani. Watu wamesahau. Mimi mpaka leo sabuni ile haiingii kwangu.

Maktaba hizi si za vitabu. Ni makampuni yanayokusanya muziki usio na mwimbaji. Mtu anatengeneza filamu au tangazo, anataka mdundo wa dakika mbili, anakwenda kuuchukua pale, na mtunzi analipwa kila unapotumika. Historia yako hawaihitaji.

"Chagua biti nne tu," nikamwambia Yahya. "Weka kiungo kimoja, wabonyeze wasikilize, usiwabebeshe mafaili. Sema kila moja inafaa wapi: hii ya safari, hii ya simanzi. Sema zote ni zako. Kwaheri."

"Hata salamu?"

"Salamu moja. Hatuendi kuhani msiba."

Akachagua tatu za gitaa na kinanda. Ya nne alisitasita. Ilikuwa na gitaa juu, na chini yake msondo, ile ngoma ndefu ya kwao, aliopiga kwa mikono yake mwenyewe. Nikamwambia aitie.

Maktaba moja ya Ulaya ikajibu. Waliitaka ile ya nne peke yake, na mkataba wakauleta. Niliusoma na kamusi pembeni. Walitaka kuishika milele. Nikamwandikisha Yahya kwamba milele ni ya Mungu, tupeane miaka mitano. Wakakubali. Nilitembea stendi nzima siku ile kama nimeshinda kesi. Kifungu kingine kilimtaka mtunzi athibitishe kwamba kazi yote ni yake, hakuna mwingine anayeweza kuidai.

"Hicho hakina shida," Yahya akasema. "Sijachukua wimbo wa mtu. Maneno yenyewe hayamo."

Likabaki jambo moja. Maktaba huwa zinataka biti ileile kwa sura kadhaa: nzima, halafu bila gitaa, halafu ngoma tupu, ili mtengeneza filamu apate nafasi ya sauti za watu wake. Yahya akaondoa gitaa, ukabaki msondo peke yake. Tukaichomeka kwenye spika yangu kubwa tusikie kama ngoma imetoka safi.

Ng'ambo ya barabara wako mama ntilie. Antonia, ambaye kwao ni Newala, aliendelea kupakua wali. Wengine walisimama. Sauda, mzaliwa wa Kiswere, akaweka mwiko chini. Mabinti wawili waliokuwa wakiosha sahani wakainamisha vichwa. Bi Kidawa alikuwa anakula pale akisubiri gari la kurudi kwao. Akainuka, akavuka barabara na mkono una ugali.

"Zima."

Yahya akazima. "Shikamoo mama mkubwa."

Hakuitikia. Bi Kidawa ni dada wa mama yake, ndiye aliyemlea, na sijawahi kumwona akiiacha shikamoo ya mtoto ianguke chini.

"Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Maneno gani, mama? Biti tu hii. Hakuna anayeimba."

Bi Kidawa akaita bila kugeuka. "Sauda. Umesikia nini?"

"Usinisemeshe mbele za wanaume, somo," Sauda akajibu kutoka kwenye masufuria yake. Wenzake wakacheka, lakini kicheko kifupi.

Ndipo ikaeleweka. Bi Kidawa ni kungwi. Ndani ya unyago, mabinti waliowekwa ndani, ndio wali, wanapofundwa, msondo ndio unaosema. Mwanamke aliyepita mle akiusikia, kinywa kinanyamaza na kichwa kinataja neno baada ya neno. Yahya utoto wake wote alilala nyuma ya ukuta wa nyumba wanamofundwa. Mikono ilishika, yeye hakujua imeshika nini. Gitaa lilikuwa limeyafunika maneno hayo.

Nikaingilia kati. "Bi Kidawa, huko inakokwenda hakuna anayejua hata neno moja. Na huyu si yule wa sabuni. Huyu mtoto wenu, jina lake litaandikwa, atalipwa yeye."

"Na ikirudi huku ndani ya basi?"

"Miaka mitano tu. Nimepigania mimi."

"Ile ya sabuni ilikuwa ngoma ya kuwatolea wali nje, hata wewe unaicheza. Nilishuka kwa hasira zangu. Hii ikipigwa ndani ya basi, watashuka mabinti kwa aibu. Na hakuna mama atakayeniletea tena mwanawe."

"Lakini kisheria," nikasema, "ngoma ya asili haina mwenyewe."

Akanitazama. "Ndivyo alivyosema yule wa sabuni."

Nikaanza kuupekua mkataba upya.

Yahya ndiye aliyesema. "Mama, haiwezi kuvunjwa? Isiseme?"

Bi Kidawa akajifuta mkono kwa kanga, akaegemea meza yangu, akapiga kwa viganja. Pigo moja akalirudia pasipostahili, jingine akaliruka, mwisho akaugeuza ukawa mwanzo.

"Sauda!"

"Inapayuka tu, haina neno," Sauda akajibu, akachukua mwiko wake.

Yahya akairekodi upya hiyo inayopayuka. Akawaandikia kwamba ile ya awali haikuwa yake, hii ndiyo yake. Jibu lilikuja kwa upole: hii mpya ni nzuri, lakini ile ya kwanza ilikuwa na kitu, wanaitaka ileile, kila kitu kiko tayari, asaini tu.

Mimi nilitaka niwashushie ukurasa mzima, kuanzia sabuni. Nilikuwa nimefika aya ya pili Yahya alipovuta laptopu, akafuta yote, akaandika mstari mmoja: Ile si yangu kuiuza. Akatuma. Mkataba wakaufuta.

"Miaka mitano yangu imekwenda hivyo," nikamwambia.

"Pole, mzee Kifungu."

Akapanga upya: zile tatu za gitaa, na ya nne inayopayuka. Tukatafuta maktaba nyingine, tukasoma masharti yao, tukaandaa barua fupi. Tulikuwa hatujaituma Bi Kidawa alipopita tena kusubiri gari. Safari hii aliitikia shikamoo.

"Wale wamejibu?"

"Walikataa, mama. Sasa tunawaandikia wengine."

Akainama kwenye kioo cha laptopu kana kwamba anasoma. "Mmewaamkia?"

"Mara moja tu," Yahya akasema. "Mzee Kifungu kakataza."

"Ndiyo maana wanawakataa."

Yahya akanitazama. Nikamwambia aongeze hali za nyumbani, mstari mmoja, asizidishe.